Andika Jina la Mama

Kama umewahi kupanda basi Iringa mjini kwenda Mafinga au Mbeya, basi umepita Ifunda. Wengi wetu tunaijua kwa shule yake ya ufundi, iliyowatoa mafundi wengi nchini. Ni wachache wanaojua kwamba pale Ifunda yapo makaburi ya Wazungu ambao hawakuja kutawala, wala kuhubiri, wala kufungua mashamba. Walikuja wakiwa wakimbizi wa vita, na wengi wao walikuwa akina mama na watoto.

Mimi nilizaliwa mkoa huu huu na nilikuwa sijui. Nilifika pale siku moja na akina mama wenzangu wa kanisa, tulipokwenda kumwona mgonjwa kijijini. Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja mzee sana. Baada ya kusalimiana, kamwene, kamwene, na chai kunyweka, akatuambia twende akatuonyeshe Wapolandi wake. Tukadhani anatania. Kumbe hakuwa na utani. Tulikuta misalaba, na majina marefu yenye herufi ambazo ulimi wetu haujui pa kuzianzia.

"Mama yangu alikuwa akiwauzia mayai," Bibi akasema. "Mimi nilikuwa mtoto, nimebebeshwa kapu. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, walihesabiana kwa vidole. Walikuwa wanawake watupu, mwanangu. Sisi Mzungu tuliyemjua ni Bwana Shauri na tarishi wake nyuma. Wale walikuwa wakifua nguo wenyewe."

Kazi ya uuguzi imenipa tabia ya kutazama jina na tarehe kabla ya kitu kingine chochote. Nilisimama pale nikajiuliza swali moja tu. Watu hawa walitoka Ulaya ya mashariki, wakapita kwenye barafu, jangwani na baharini, hadi nyanda zetu za juu. Katika njia yote hiyo, ni nani aliyekuwa akiandika majina yao, hata wakazikwa hapa wakiwa na majina badala ya kuwa wageni wasiojulikana? Swali hilo lilinichoma kwa sababu yangu mwenyewe, ambayo nitaieleza mbele. Kwanza nieleze walivyofika.

WALIFIKAJE IFUNDA?

Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi, na tarehe 17 ya mwezi huo huo Umoja wa Kisovyeti ukaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 familia za upande wa mashariki zikaanza kugongewa milango usiku. Walipewa muda mfupi wa kufunga vitu, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wakapelekwa Siberia, Kazakhstan na kwingineko kukata miti na kufanya kazi za mashamba. Wengi walikufa kwa baridi, njaa na homa.

Juni 1941 Ujerumani iliigeukia Urusi yenyewe. Mwezi uliofuata serikali ya Polandi, iliyokuwa uhamishoni London, ikatiliana saini mkataba na Moscow, na Wapolandi wakaachiliwa. Jeshi lao likaanza kuundwa upya chini ya Jenerali Władysław Anders. Akina mama waliposikia kwamba huko kusini liko jeshi la kwao, wakachukua watoto wakalifuata, wengine kwa treni, wengine kwa miguu.  Walijua tu kwamba palipo na askari pana mkate, na kweli askari wale waligawana posho yao na wanawake na watoto.

Mwaka 1942, Machi na Aprili, halafu tena Agosti, watu hao walivushwa Bahari ya Kaspi kwa meli kutoka Krasnovodsk hadi bandari ya Pahlevi nchini Iran, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uajemi. Walizidi 110,000, na karibu theluthi moja walikuwa raia.

Hapo Pahlevi lilitokea jambo ambalo kila mama anayepika kwa ajili ya wengi inafaa alijue. Watu walishuka wakiwa ngozi na mifupa, wamejaa chawa, wana kuhara na homa ile inayoenezwa na chawa. Waliopanga mapokezi walifanya vizuri sana sehemu ya kwanza: pwani iligawanywa upande mchafu na upande safi, nguo zikachomwa, nywele zikanyolewa, watu wakaogeshwa, wakapewa nguo nyingine. Lakini chakula kilikuwa cha ukarimu mno. Watu waliokaa na njaa karibu miaka miwili walipewa supu ya kondoo yenye mafuta na nyama ya kopo. Wapo waliokufa kwa sababu ya kushiba. Mamia wamezikwa pale pale, wakiwa wameshaokoka vita.

Siku hizi tunajua sababu yake. Mwili uliokonda sana umeshazima sehemu ya mitambo yake ili kuishi. Ukiujaza chakula ghafula, chumvi za damu zinavurugika na moyo unashindwa. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali akifika wodini hatumpi uji mzito wala nyama hata kama analia. Tunampa maziwa ya matibabu yanayoitwa F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, mpaka mwili uamke. Mama zake wadogo hukasirika na kutuona wachoyo. Mmoja aliwahi kuninong'oneza kuwa mshahara wangu ungetosha kumnunulia mtoto robo ya nyama. Ningekuwa sijasoma, na mimi ningempa nyama.

KAMBI ZA AKINA MAMA

Iran isingeweza kubaki nao wote, na vita vilikuwa vikiendelea. Serikali ya Uingereza na ile ya Polandi iliyokuwa London zikaanza kutafuta mahali. Baadhi walipelekwa India, wengine Mexico, wengine New Zealand. Wapatao 18,000 waliletwa makoloni ya Waingereza Afrika ya Mashariki, ya Kati na Kusini. Hapa Tanganyika kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Nyingine ndogo zilikuwa Kondoa, Morogoro, Kidugala upande wa Njombe kwenye kituo cha misheni ya Kilutheri ya Berlin, na Ifunda yetu.

Hebu fikiri kazi iliyokuwepo. Kupata meli wakati bahari ina nyambizi za adui. Kupata treni kutoka bandarini. Iringa haikuwa na reli, kwa hiyo mwendo wa mwisho ulikuwa wa malori kwenye barabara za vumbi, na milima yetu mnaijua. Kabla ya hapo nyumba ziwe zimejengwa, visima na vyoo vimechimbwa, hospitali ina vitanda, unga upo ghalani. Ukichelewesha kimoja, vyote vinakwama, na anayekwama juu ya lori ni mama mwenye mtoto mgonjwa.

Wanaume wenye nguvu walibaki jeshini. Hao ndio waliopigana Italia, pamoja na vita vikali vya Monte Cassino mwezi Mei 1944. Kwa hiyo kambi ziliendeshwa kwa mikono ya wanawake. Walifundisha shule, walishona, waliuguza, walilima bustani, walisali. Wakati ule watu wa huku waliwajengea, waliwakatia kuni na kuwauzia mazao.

Nami sitaficha neno moja. Wakati huo huo wanaume wa Tanganyika walikuwa wamechukuliwa kwenda kupigana Uhabeshi na Burma chini ya bendera ya Uingereza, na wake zao vijijini hawakuwa na kambi wala mgawo wa unga. Mama yake Bibi alikuwa mmoja wao. Nilipomuuliza kama mama yake hakuona wivu, Bibi alicheka. "Wivu wa nini? Waume zao walikuwa vitani kama wa kwetu. Siku barua ikija pale kambini, kilio kilisikika hadi kwetu. Mama alikuwa akisema, leo mayai hatuyapeleki."

Vita viliisha mwaka 1945, lakini safari haikuisha. Katika mkutano wa Yalta wa Februari mwaka huo, wakubwa wa dunia walikubali kwamba sehemu ya mashariki ya Polandi, ambako wengi wa hawa walitoka, iwe ya Urusi. Nyumbani pakawa nchi nyingine. Usimamizi wa wakimbizi ukapita mikononi mwa UNRRA, halafu shirika la kimataifa la wakimbizi lililoitwa IRO. Ikabidi kila familia iulizwe inataka kwenda wapi, na inaye nani wa kuipokea. Aliyekuwa na mume au mwana jeshini, na akaweza kuonyesha hivyo, aliweza kumfuata Uingereza.

Waliopata shida zaidi ni mayatima. Mwaka 1949 mapadri, akiwemo Padre Lucjan Królikowski, waliondoka na watoto wapatao 150 kutoka Tengeru, wakapitia Italia na Ujerumani hadi Kanada. Serikali mpya ya Polandi ililalamika kwamba watoto wake wametekwa. Watu wazima wakabishana kuhusu karatasi: huyu ni mtoto wa nani, ana ndugu gani aliye hai, nani mwenye haki ya kumsemea. Majibu ya maswali hayo, kwa mtoto aliyepoteza wazazi Siberia akiwa na miaka mitatu, yangetoka wapi kama si kwa yule aliyeandika jina la mama yake siku ya kwanza?

KOSA LANGU KIGOMA

Sasa nieleze sababu yangu. Mwaka 2015 machafuko yalipotokea Burundi, maelfu ya watu walikimbilia kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, mpakani kabisa. Kijiji kile kimebanwa kati ya mlima na maji, na wakati ule gari halikuweza kufika. Kufikia katikati ya Mei makumi ya maelfu walikuwa wamelala ufukweni, wakinywa maji ya ziwa lile lile walilokuwa wakijisaidia kando yake. Kipindupindu kikaingia. Kufikia mwishoni mwa Mei wagonjwa walikuwa wamefika karibu 3,000 na vifo vilikuwa karibu 30.

Njia ya kuwatoa ilikuwa ziwa tu. Meli ya MV Liemba, ile ile iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza, ilibeba watu wapatao 600 kwa safari. Haikuweza kutia nanga ufukweni, kwa hiyo mitumbwi na boti ziliwapeleka watu hadi kwenye meli. Wakifika Kigoma walipelekwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawachukua hadi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu.

Nilikuwa mmoja wa wauguzi tuliokwenda kujitolea Kigoma. Niliomba likizo yangu ya mwaka nikaenda. Nisiwadanganye, wiki ya kwanza nililia kila usiku. Kila uamuzi ulikuwa na ubaya wake. Ukiwahamisha watu haraka, unasafirisha na kipindupindu. Ukiwaacha wasubiri, wanazidi kuugua pale pale. Waliopangwa kutangulia ni wagonjwa, wajawazito na wenye watoto wachanga. Ni utaratibu mzuri, lakini boti ni ndogo, na mama anaweza kuwa na mtoto mmoja mgonjwa na wengine wawili wazima.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku moja nililetewa mtoto wa kiume wa kama miaka miwili, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi. Nilimkimbiza kwenye hema, tukatafuta mshipa, tukamtundikia dripu. Kwenye daftari langu niliandika: "Mtoto wa kiume, miaka 2, amepungukiwa sana maji." Basi. Sikuandika jina lake. Sikuuliza aliyemleta alimpokea kwa nani. Sikuandika boti.

Kesho yake mtoto alikuwa amekaa, anakunywa maji ya chumvi na sukari kwa kikombe. Nilifurahi kama nimezaa mimi. Jioni ndipo nilipomuuliza mwenzangu, mama yake yuko wapi? Hakuna aliyejua. Mama alikuwa amebaki Kagunga na wawili wengine. Alivuka kwa safari iliyofuata, akapita uwanjani akiuliza kila mwenye koti jeupe, na mtu mmoja, bila shaka kwa nia njema, akamwambia watoto wagonjwa wote wameshatangulia Nyarugusu. Akapanda basi. Mtoto alibaki kwangu Kigoma.

Ilichukua siku nne. Vijana wa Msalaba Mwekundu walizunguka kambini na kipaza sauti, wakieleza shati lenye mistari ya njano. Siku hizo nne mtoto alikataa kula. Ugonjwa ulikuwa umeisha, sasa alikuwa anakonda kwa kukosa mama, na kitabuni hakuna dawa ya namna hiyo.

Mama alipoletwa, mtoto hakumkimbilia. Alimwangalia tu, kisha akageuza uso. Mama akakaa chini kwenye udongo, hakumshika, akasubiri. Baada ya muda mtoto akasogea mwenyewe, akalala mapajani. Mimi nilisimama kando sijui pa kuweka mikono. Mama akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, "Ni wewe uliyemchukua?" Nikasema ndiyo. Nikamwomba msamaha. Hakunijibu kuhusu msamaha. Alionyesha daftari langu kwa kidole akasema, "Andika. Jina langu. Na lake. Na hawa wawili." Nikaandika, mkono unatetemeka.

Tangu siku ile kila mtoto aliyepita mikononi mwangu alibandikwa plasta yenye namba, na mama yake namba hiyo hiyo, hata kama wamekuja wameshikana mikono. Wenzangu walisema napoteza muda. Hesabu yake ni nusu dakika kwa mtoto.

TUKIOMBWA MSAADA

Akina mama wenzangu, makanisa yetu hupitisha kapu haraka tukisikia habari za wakimbizi au watu waliopoteza makazi. Ni jambo zuri. Lakini niliona Kigoma marobota ya nguo ambayo hakuna aliyeweza kuyavaa: viatu vya visigino virefu, mguu mmoja mmoja, makoti ya suti. Yalichukua nafasi ghalani ambayo ingewekwa sabuni. Nafahamu nyumba gani huko kwetu baadhi ya hizo zilitoka, kwa sababu na mimi nilichangia gauni la sendoff.

Kibaya zaidi ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Tunayatoa kwa huruma, lakini kambini maji safi ni ya shida na chupa haichemshwi. Mtoto aliyekuwa ananyonya salama anaanza kuharisha, na ziwa la mama linakauka. Kinachosaidia ni kumpa mama chakula, maji na mahali pa kukaa faragha anyonyeshe. Wako watoto wasio na mama wanaohitaji maziwa hayo, lakini hao waachiwe waganga na wauguzi.

Mtu mmoja anahitaji angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Piga hesabu ya watu 1,000 uone ni matangi mangapi. Kwa hiyo ndoo yenye mfuniko ni zawadi kubwa kuliko blanketi mahali penye joto. Sabuni. Khanga doti moja, ambayo mama ataibebea mtoto, atajistiri, atajifunika usiku. Vitambaa au pedi za hedhi, ambazo kamati za wanaume husahau kila mara, na chupi mpya. Na kama kikundi chenu kina fedha kidogo, ipelekeni kwa wanaoendesha kazi wanunue kinachopungua, hata kama haitapendeza kwenye picha kama gunia la unga.

Na daftari. Nilipolisema hili kwenye mkutano wa umoja wetu wa akina mama, mweka hazina alidhani natania. Daftari kubwa la jalada gumu, kalamu za wino usiofutika, plasta pana. Vyote havifiki bei ya mbuzi. Pale Kagunga, siku ile, ningetoa mbuzi wangu wote.

Nilirudi Ifunda tena baadaye, peke yangu, nikamkuta Bibi anaota jua. Nilimsimulia habari za mtoto yule wa Kigoma. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Na huyo mtoto sasa ana miaka mingapi?" Nikahesabu. Nikamwambia ni kijana, kama yu hai anakaribia kunyoa ndevu. Bibi akatikisa kichwa. Akaniomba nimshike mkono tuingie ndani, maana upepo wa jioni ulikuwa umeanza, na akataka nimwandikie kwenye karatasi majina ya wajukuu wake wote walioko Dar es Salaam. Tulifika kumi na mmoja tukapumzika, akasema kuna wengine bado.